Upangaji wa Vitufe vya Mashine ya Mauzo katika Maduka ya Vyama

Duka la chama linapoacha daftari la mauzo na kuweka kompyuta juu ya kaunta, kitu ambacho wanachama hukiona kwanza ni kibodi. Si ile ya ofisini yenye herufi za A hadi Z. Ni bao pana lenye vitufe vya mraba vilivyopangwa kwa safu, na juu ya kila kitufe, chini ya kifuniko cha plastiki angavu, pamewekwa kikaratasi chenye jina la bidhaa au la kazi: Sukari kilo, Mbolea ya kupandia, Misumari nchi 4, Fedha taslimu. Karani hubonyeza mara moja, na jina la bidhaa pamoja na bei yake hutokea kwenye kioo. Mwanachama aliyesimama katika foleni huamini, na ana haki ya kuamini, kwamba maandishi yaliyo juu ya kitufe ndiyo kazi ya kitufe hicho.

Kwa hakika hakuna kinachoviunganisha viwili hivyo. Kikaratasi kimekatwa kwa mkasi na kupachikwa. Kazi ya kitufe imeandikwa mahali pengine, ndani ya kumbukumbu ndogo ya kibodi yenyewe, na aliyeiandika ni mtu: fundi aliyeleta mashine, au meneja wa duka, au kijana wa jirani anayesifika kwa kujua kompyuta. Alichokiandika hakisomwi na karani, wala katibu, wala mkaguzi wa hesabu, mpaka mtu aombe kukiona. Kwa sababu hiyo upangaji wa vitufe, ingawa waonekana kuwa shughuli ya mafundi, ni jambo linaloihusu halmashauri ya chama.

Haikuwa hivyo tangu awali. Mashine ya kwanza ya kuandikisha fedha za mauzo ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, kwa sababu ambayo yeyote aliyewahi kuendesha duka ataielewa bila kuelezwa: fedha zilikuwa zikipungua kati ya mkono wa mnunuzi na droo. Mwaka 1884 John Patterson aliinunua kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine hizo, na ikajulikana baadaye kwa jina la National Cash Register. Katika mashine za namna hiyo kitufe cha senti 5 kilikuwa na mkono wa chuma, na mkono huo ulisukuma gurudumu. Hakikuweza kumaanisha kitu kingine ila senti 5, isipokuwa mtu aifungue mashine na kubadili vyuma. Mashine za elektroniki, zilizoenea katika miaka ya 1970, ndizo zilizouondoa mkono huo. Tangu hapo kitufe ni kitupu, na maana yake hutoka katika kumbukumbu.

Yafaa katibu aelewe, japo kwa ufupi, jinsi kitufe kitupu kinavyopata maana. Chini ya vitufe mna wavu wa njia nyembamba za umeme, nyingine zikipita kwa mlalo na nyingine kwa wima. Kibodi yenye njia 8 za mlalo na 16 za wima ina makutano 128, na kila kitufe hukaa juu ya makutano yake. Chombo kidogo ndani ya kibodi huzipitia njia hizo tena na tena, kwa kasi isiyoonekana, kikiuliza wapi pameguswa. Kikikuta kwamba mlalo wa 3 umegusana na wima wa 7, hutazama jedwali lililomo katika kumbukumbu: kwa 3 na 7 pameandikwa nini? Kilichoandikwa hapo ndicho kinachopelekwa kwenye kompyuta. Katika kibodi ya kawaida jedwali hilo lilifungwa kiwandani. Katika kibodi ya duka laweza kuandikwa upya, na likishaandikwa hudumu hata umeme ukikatika. Kitufe kimoja chaweza kupewa tarakimu moja, au neno zima, au mfululizo wa tarakimu ukifuatwa na alama ya Ingiza, kana kwamba karani amebonyeza vitufe saba badala ya kimoja.

Kompyuta haijui tofauti. Kwake yeye pana karani mwenye vidole vyepesi mno, basi. Haiulizi kama namba iliyopokelewa ilipigwa na binadamu tarakimu kwa tarakimu au ilitoka katika kitufe kimoja. Urahisi wote wa kibodi hizi watoka hapo, na hasara zake pia.

Swali la kwanza kwa halmashauri ni hili: je, kitufe kipewe bei, au kipewe namba ya bidhaa? Tuseme mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia umepewa namba 2047 katika orodha ya bidhaa za duka, na bei yake ni shilingi 70,000. Fundi aweza kuandika katika kitufe: 2047, Ingiza. Hapo kompyuta itaipokea namba, itaitafuta katika orodha yake na kuitoa bei iliyoandikwa humo. Au aweza kuandika: 2047, Ingiza, 70000, Ingiza. Siku ya kwanza karani hataona tofauti yoyote, na ule mpango wa pili huenda ukampendeza zaidi kwa kuwa bei haisubiri orodha. Tofauti hutokea siku bei inapobadilika. Katika mpango wa kwanza, bei hurekebishwa mahali pamoja tu, na programu nyingi za mauzo huweka kumbukumbu ya tarehe na jina la aliyerekebisha. Katika mpango wa pili, orodha itasema bei mpya na kitufe kitaendelea kutoza ile ya zamani kwa utiifu kamili. Duka lenye kaunta mbili laweza kuuza mfuko ule ule kwa bei mbili. Zaidi ya hayo, jedwali la kibodi kwa kawaida halionyeshi nani alilibadilisha wala lini. Bei ikikaa ndani ya kitufe, imetoka katika hesabu za chama na kuingia mikononi mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kanuni ya kufuatwa ni kwamba kitufe kibebe namba ya bidhaa, na bei ibaki katika orodha. Vyama ambavyo bado vinatumia rejista ya fedha isiyo na kompyuta havina hiari hiyo, maana rejista haina mahali pengine pa kuweka bei ila ndani yake. Huko upangaji hufanywa kwa kuzungusha ufunguo hadi mahali pa kupangia, na vyama hivyo vihakikishe kwamba taarifa ya Z, ile inayosoma jumla za siku na kuzifuta, imetolewa kabla ya kugusa bei yoyote. Taarifa ya X husoma tu bila kufuta, hivyo haitoshi. Bila Z, jumla moja itachanganya mauzo ya bei mbili, na hakuna mkaguzi atakayeweza kuzitenganisha. Rejista nyingi huruhusu pia kuweka kikomo cha kiasi kinachoweza kupigwa kwa kitufe kimoja. Kikomo hicho kiwekwe, kwani sifuri moja ya ziada hugeuza 7,000 kuwa 70,000.

Lakini bei ni hatari inayoonekana mapema, kwa sababu mnunuzi hulalamika. Iko nyingine isiyolalamikiwa na mtu, nayo ni ile ya namba ya mwanachama.

Maduka ya ushirika yana desturi ambayo maduka ya watu binafsi hayana. Tangu wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844, ziada ya biashara imekuwa ikirudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Ili hilo liwezekane, kila ununuzi hauna budi kuandikwa kwa jina au namba ya aliyenunua, na kwa vizazi vingi wanachama wa vyama vya Uingereza waliitaja namba yao kaunta kila waliponunua hata mkate. Chama chochote chenye duka kinachogawa ziada kwa njia hiyo hukiweka kitendo hicho ndani ya mashine: programu haikubali kufunga mauzo mpaka namba ya mwanachama iingizwe.

Sasa fikiria siku ya mnada. Foleni imefika nje ya mlango, nusu ya wanunuzi ni wapita njia wasio wanachama, na mashine yadai namba kwa kila mmoja. Karani hupiga namba yoyote anayoikumbuka ili mauzo yafungike. Baada ya wiki moja humwomba kijana wa kompyuta aiweke namba hiyo katika kitufe kilicho wazi, kisicho na kikaratasi. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Lakini namba aliyoikumbuka ni ya mtu: yake mwenyewe, au ya ndugu yake, au ya mwenyekiti. Tuseme ni 0316. Kuanzia siku hiyo kila mpita njia anayenunua kibiriti hununua kwa niaba ya 0316. Mauzo ya namna hiyo yakifika shilingi 40,000,000 kwa mwaka, na mkutano mkuu ukaamua kugawa 2 kwa kila 100, mwanachama 0316 atapokea shilingi 800,000 kwa bidhaa ambazo hakuzinunua. Droo itakuwa sawa kila jioni. Ghala litakuwa sawa. Benki itakuwa sawa. Fedha zitakuwa zimetoka katika ziada ambayo ilikuwa ya wote, na kila karatasi itakuwa imetiwa sahihi ipasavyo.

Dawa ya jambo hili si kumkemea karani, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kuwahudumia watu. Dawa ni kumpa njia halali iliyo nyepesi kama ile ya haramu. Halmashauri ichague namba moja isiyo ya mtu yeyote, iandikwe katika daftari la wanachama kwamba ni ya wanunuzi wasio wanachama, kisha ipangwe katika kitufe kikubwa chenye kikaratasi kinachosomeka: Si mwanachama. Manunuzi hayo yataonekana peke yake katika taarifa, na mkutano utaamua faida yake iende wapi. Kisha, kabla ya kila mgawo, katibu atoe orodha ya manunuzi ya wanachama ikianza na mwenye kiasi kikubwa kuliko wote. Majina ya juu katika orodha hiyo hujieleza yenyewe kwa watu wa kijiji kimoja. Mwenye ekari mbili hanunui mifuko 300 ya saruji. Namba ileile ikitokea katika risiti tano zilizofuatana kwa dakika moja moja, nayo ina kisa chake.

Kuhusu mahali pa kila kitufe, kosa la kawaida ni kupanga bidhaa zinazofanana jirani, kama vile kabatini. Juu ya rafu ni vyema DAP na urea zikae pamoja. Juu ya kibodi ni vibaya. Kidole kikikosa kwa sentimeta mbili, mkulima aliyelipia mbolea ya kupandia huandikiwa ya kukuzia. Mtunza ghala akifuata risiti, mkulima atarudi shambani na urea, isiyo na fosforasi hata chembe, na pengine hatagundua, maana namba 46 huonekana kwenye mifuko yote miwili: DAP ni 18-46-0 na urea ni 46-0-0. Mtunza ghala akifuata maneno ya mkulima badala ya risiti, basi DAP itapungua ghalani na urea itazidi kwa idadi ileile. Anayehesabu mifuko yote kwa jumla ataikuta kamili. Mara sita kwa msimu, na tofauti ya bei ikiwa shilingi 10,000 kwa mfuko, ni 60,000 zisizoonekana katika hesabu ya mifuko. Vitufe vya namna hiyo vitenganishwe kwa safu mbili au zaidi, vipewe vikaratasi vya rangi mbalimbali, na kitufe kilicho kati viachwe bila kazi. Kitufe kisicho na kazi si hasara. Ni kama mpaka wa shamba. Hali kadhalika kitufe cha kufuta mauzo kikae mbali na cha fedha taslimu, ambacho chastahili nafasi ya vitufe viwili kwa kuwa hubonyezwa kuliko vyote.

Si kila bidhaa inayostahili kitufe. Bidhaa za viwandani huja na msimbo pau, ile mistari myeusi iliyosomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, Ohio, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Namba zake zinazoanza na 620 hutolewa Tanzania, na zinazoanza na 616 hutolewa Kenya. Katika namba ya tarakimu 13, tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile 12 zilizotangulia, hivyo skana ikikosea tarakimu moja hesabu hukataa na mashine hukaa kimya. Kitufe hakina mlinzi wa aina hiyo. Kwa hiyo vitufe viwekewe zile bidhaa zisizo na mistari: sukari ya kupima, misumari ya kilo, mbegu zilizofungwa na chama chenyewe, mafuta ya taa.

Pana tatizo moja ambalo limewasumbua mafundi wengi, na lafaa kuelezwa kwa kuwa kompyuta zilizotumika hufika kwetu kutoka nchi mbalimbali. Kibodi haipeleki tarakimu. Hupeleka namba ya mahali pa kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua, kwa kufuata lugha iliyowekewa, kwamba mahali hapo ni herufi au tarakimu gani. Kompyuta iliyotoka Ufaransa, au iliyonunuliwa Bujumbura au Lubumbashi, mara nyingi imewekewa mpangilio wa Kifaransa, ambao katika safu ya juu hutoa alama kwanza na tarakimu mpaka kitufe cha herufi kubwa kishikwe. Kitufe cha 2047 kilichopangwa kwa mpangilio wa Kiingereza kitatoa humo é, à, nukta ya juu, na è. Fundi hudhani kibodi imeharibika, na chama huagiza nyingine bure. Suluhisho ni kuilinganisha kompyuta na kibodi, au, bora zaidi, kuzipanga tarakimu zote kwa kutumia namba za lile bao dogo la upande wa kulia, ambazo hazibadiliki kwa lugha, mradi taa ya Num Lock iwe imewaka. Ikiwa tarakimu nyingine zapotea njiani na nyingine zafika, chanzo aghalabu ni kwamba kitufe kinapeleka upesi kuliko programu inavyofungua ukurasa wake. Hapo fundi aongeze kituo cha nusu sekunde katikati ya mfululizo.

Kwa kuwa kitufe chaweza kuandika neno lolote, chaweza pia kuandika neno la siri. Jambo hili likatazwe kabisa, kwa maandishi. Neno la siri la meneja likiwekwa katika kitufe, hata kisicho na jina, kila anayesafisha kaunta anaweza kufuta mauzo kwa sahihi ya meneja. Baadhi ya kibodi zina kufuli na funguo za ngazi mbalimbali, wa karani na wa msimamizi. Ufunguo wa msimamizi usining'inie humo mchana kutwa kwa ajili ya urahisi.

Namna ya kulisoma jedwali haihitaji utaalamu. Fungua katika kompyuta programu ya kawaida ya kuandikia barua. Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, kwa kufuata safu, vikiwemo vile visivyo na kikaratasi, na ikiwa kibodi ina ngazi ya pili, ibonyezwe yote tena katika ngazi hiyo. Yote yaliyomo yatatokea kwenye ukurasa: namba, maneno, na hata neno la siri kama lipo. Ukurasa huo uchapishwe, ulinganishwe na orodha ya bidhaa mstari kwa mstari, utiwe sahihi na katibu pamoja na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi, na uwekwe katika jalada pamoja na tarehe. Kazi hiyo huchukua chini ya saa moja. Irudiwe kila baada ya mabadiliko, na mara moja zaidi katika mwaka bila kumwarifu mtu. Mkaguzi akifika, apewe kurasa zote, ya zamani na ya sasa, ili aone ni kitufe gani kilichobadilika kati ya tarehe mbili.

Chama kiulize pia, wakati wa kununua, kama jedwali hukaa ndani ya kibodi au ndani ya kompyuta, kwani ziko za aina zote mbili. La kwanza huhama na kibodi popote ichomekwapo. La pili hubaki nyuma, na kibodi hufika kwenye kaunta mpya ikiwa haijui kitu. Kwa vyovyote, nakala ya jedwali ihifadhiwe nje ya duka, katika ofisi ya chama au ya muungano, ili kibodi ikiharibika msimu wa kupanda mpya ijazwe siku ileile. Upangaji wenyewe usifanywe duka likiwa wazi wala siku ya umeme wa kukatikakatika, maana jedwali laweza kubaki limeandikwa nusu. Na kibodi iliyotolewa kazini isiuzwe wala kugawiwa shule kabla ya kulifuta jedwali lake, kwa sababu kumbukumbu yake haihitaji umeme ili kudumu: atakayeichomeka popote atazisoma namba za chama kama zilivyoachwa.